Kopo la komwe na vitendawili vya jioni: kulea tabia njema nyumbani bila kungoja pesa ya korosho

Msimu wa korosho ukifunguliwa, ahadi nazo hufunguliwa. Kuanzia Oktoba, pita Tandahimba, pita Newala, shuka hadi Nachingwea, utasikia wazazi wakisema jambo moja: "Ukiwa na adabu, malipo yakitoka nakununulia baiskeli." Mtoto anashika adabu wiki nzima. Wiki ya pili anaanza kuuliza. Korosho ziko ghalani, wakulima wameikataa bei ya mnada, chama cha msingi cha ushirika kinasema subirini. Mtoto wa miaka saba hajui stakabadhi ghalani, huo utaratibu wa korosho kukaa ghalani kungoja mnada, ni kitu gani. Anachojua ni kwamba yeye alitimiza upande wake na baiskeli haijaonekana. Hata ikija, Januari inafika na sare na madaftari, na ikifika Machi mzazi hana tena cha kuahidi. Anabaki na sauti ya juu na fimbo ya mpera.

Mwongozo huu ni wa kutoka kwenye biashara hiyo. Vifaa vyake vinapatikana Mtwara na Lindi mwaka mzima, kiangazi na masika: komwe, mkeka, vitendawili, bibi na babu, na nusu saa ya jioni ambayo hakuna aliyeshika simu. Baiskeli mnunulie mtoto ukiwa na uwezo, ila mnunulie kwa sababu ni mwanao. Adabu itafutiwe njia nyingine.

Hatua ya kwanza: chagua tabia moja, uiseme ieleweke

"Uwe na heshima" ni maneno mapana mno kwa mtoto. Anaitikia "sawa mama" na hajui aanzie wapi. Mwambie hivi: "Mgeni akiingia uani, acha unachofanya, mwamkie, mpokee mzigo." Hapo amepewa kazi anayoweza kuifanya na wewe unayoweza kuiona. "Acha uchafu" igeuze iwe "ukitoka shule, tundika sare kwenye msumari kabla hujaenda kucheza."

Kabla ya kuchagua, kaa siku kadhaa ukitazama tu. Usiseme kitu. Utaona ugomvi wa nyumbani una saa zake. Katika nyumba nyingi ni ile saa watoto wanapotoka shule, na sababu yake mara nyingi haina uhusiano wowote na adabu. Mtoto ameondoka alfajiri, amerudi alasiri, tumboni hamna kitu, na wewe unampokea na ndoo mbili za maji. Mpe kipande cha muhogo kwanza, maneno baadaye. Nyumba nyingine utakuta msumari wa sare uko juu, mtoto haufikii, na amekuwa akigombezwa muhula mzima. Shusha msumari.

Tabia moja kwa wakati mmoja, kwa wiki mbili au tatu. Mwenye miaka mitatu mpe agizo moja, alimalize, ndipo umpe la pili. Ukimpa matatu kwa mpigo atafanya la mwisho, au atasimama hapo hapo akikutazama.

Hatua ya pili: mwone akifanya vizuri, umwambie papo hapo

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiishika hii na kuziacha nyingine zote, bado utaona tofauti.

Nyumba zetu zina desturi ya kunyamaza mambo yakienda vizuri. Watoto wanacheza pamoja kwa amani saa nzima, hakuna mkubwa anayewatupia neno. Wakianza kupigana tu, mama katoka jikoni, baba kakohoa barazani, jirani kachungulia. Mtoto si mjinga. Anaona wazi ni lini watu wazima humgeukia. Mtoto anataka kutazamwa, na asipotazamwa kwa zuri atajitafutia kwa baya.

Kwa hiyo geuza. Kijana wako mdogo akimletea bibi maji ya kunawa, usingoje jioni. Sema pale pale, na utaje kitu chenyewe: "Nimekuona umemshikia bibi birika mpaka akamaliza, na hukumwagia kanga yake. Ahsante, baba." Sentensi hiyo inamwambia nini hasa kilipendeza, na kesho ataweza kukirudia. Ukisema "wewe mtoto mzuri sana," amepata sifa lakini hajui ameipata kwa lipi. Halafu siku akikosea atajiuliza kama uzuri wake umekwisha.

Sifa isiyo na mkia, tafadhali. "Leo umeosha vyombo vizuri, siyo kama jana ulivyoviacha na ukoko" hiyo imeanza sifa ikaishia lawama, na mtoto atakumbuka ukoko tu.

Baba wengi wa huku wana haya ya kusifu. Wanaogopa mtoto atadeka. Asiyeweza kusema maneno mengi, amwite kwa jina, amtazame, atikise kichwa na kusema "nimeona." Kwa mtoto ambaye baba yake ni mgumu wa maneno, "nimeona" inamtosha siku nzima.

Serikali yenyewe, katika programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa ajili ya watoto tangu kuzaliwa hadi miaka minane, imeweka malezi yenye mwitikio kuwa moja ya mambo yake matano, pamoja na afya, lishe, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Mwitikio ni hicho hicho: mtoto anaita, mkubwa anaitika. Tunawafundisha wao waitike "abee" na "naam" tukiwaita. Nao wakituita?

Hatua ya tatu: kopo la komwe

Komwe ni zile mbegu ngumu za kijivu zinazoteleza mkononi, ambazo wazee wanachezea bao. Bao la kiswahili lina kete 64. Kwa kazi yetu chukua nusu yake, 32, na kopo au kikombe cha plastiki ambacho komwe hizo zikiingia zote kinajaa. Kama babu ana bao lake, muombe, usichukue kimya kimya, maana na wewe unatazamwa. Asiye na komwe atumie mbegu za ukwaju au simbi za ufukweni. Nyumba yenye mtoto wa chini ya miaka mitatu, kopo likae juu asikolifikia. Komwe ina ukubwa wa kumpalia mtoto.

Kila mtu anapoonwa akifanya ile tabia mliyoichagua, aliyemwona anachukua komwe moja na kuitia kwenye kopo. Tumia kopo la bati ukilipata, kwa sababu ile "ko!" yake inasikika hadi uani, na mtoto aliyeko uani atauliza nani kafanya nini. Komwe zikifika 32, familia nzima inapata kitu kimoja ilichokubaliana mapema.

Sheria zake naomba usizilegeze. Kopo ni moja kwa nyumba nzima. Ukimpa kila mtoto kopo lake, kufikia Jumapili utakuwa na ligi, mmoja anaongoza, mmoja kashuka daraja, na yule aliyeshuka atalipiga teke kopo la mwenzake. Kopo moja linawafanya wakumbushane: "Dada, mgeni huyo, nenda kapokee mzigo tutie komwe."

Komwe iliyoingia haitoki. Mtoto akivunja sahani saa moja baada ya kutiwa komwe, sahani ina shauri lake, tutalifikia. Ukianza kutoa, umelifanya kopo kuwa fimbo ya pili, na watoto wataacha kulijali.

Na wazazi nao wamo. Watoto wapewe ruhusa ya kututilia komwe sisi. Hapa ndipo panapochekesha, na ndipo panapouma. Mtoto atasema, "Leo baba amerudi na hakufoka, namtilia." Mpokee. Usimuulize "kwani huwa nafoka?" Jibu unalijua.

Zawadi ya kopo likijaa iwe ni kufanya jambo pamoja. Kununua vitu kuache. Wa Mtwara mjini, jioni moja ufukweni Shangani, na mihogo ya kukaanga ya kutoka nyumbani. Wa Lindi mjini bahari iko chini ya mji, hamhitaji nauli. Wa Newala na wengine wa juu ya uwanda, sufuria kubwa ya ming'oko, vile viazi vya porini, ya kuchemsha na chumvi, inamenywa barazani huku baba anasimulia alivyokuwa akitoroka shule (au hadithi nyingine, kama hiyo ina hatari zake). Watoto wengi, nimeona, huchagua kulala wote kwenye mkeka chumba kimoja, wakubwa kwa wadogo, na chandarua kimoja kikubwa. Haina gharama hata ya shilingi mia.

Sasa onyo. Usitie komwe kwa jambo ambalo mtoto tayari analipenda mwenyewe. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walitoa matokeo ya jaribio walilofanya na watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wanapenda kuchora. Baadhi waliahidiwa cheti chenye nyota ya dhahabu na utepe endapo wangechora. Baadhi walipewa cheti hicho hicho bila kuahidiwa, kwa kushtukizwa. Wengine hawakupewa kitu. Baada ya siku kadhaa kalamu ziliwekwa tena mezani, anayetaka achore, asiyetaka aache. Wale walioahidiwa cheti walichora kwa muda unaokaribia nusu tu ya wenzao. Waliopewa kwa kushtukizwa hawakupungua. Kuchora kulikuwa mchezo, ahadi ikakugeuza kibarua, na kibarua bila malipo hakina mtu.

Kwa hiyo mtoto anayependa kumbeba mdogo wake mgongoni, mwache abebe, mshukuru tu. Kopo ni la mambo magumu ambayo bado hayajazoeleka. Na likishajaa mara tatu au nne, tabia imeshika, lifunge. Rudisha komwe kwenye bao na uwafundishe kulicheza. Watauliza kopo liko wapi, kwa siku mbili tatu, kisha watasahau, lakini sare itaendelea kutundikwa.

Hatua ya nne: kitendawili cha jioni

Hii ni yangu naipenda kuliko zote, na haihitaji hata komwe.

Kila mtoto wa huku anajua mwendo wa vitendawili. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Yai. Asiyejua anatoa mji, na mtegaji anasafiri hadi mji huo, anakula, anakunywa, ndipo anatoa jibu. Basi tumia mwendo huo huo kutega mambo mema yaliyotokea nyumbani siku hiyo.

Inakuwa hivi. Mmeshakula, mmekaa kwenye mkeka. Mama anasema:

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nimerudi sokoni nimemkuta mtoto mdogo amelala, kafunikwa kanga mpaka kidevuni, na aliyemfunika simwoni."

Watoto wanatazamana. "Ni bibi!" Siye. "Ni baba!" Baba alikuwa kazini kwake, siye. Yule aliyemfunika anajua, na anainamisha uso akijizuia kucheka. Wakishindwa kabisa: "Nipeni mji." "Tunakupa Kilwa." "Kilwa nilikwenda, nikapokewa, nikapikiwa pweza wa nazi, watu wa Kilwa wakaniuliza, je, kwenu kuna watoto? Nikawaambia wako, na mmoja wao, huyu wa pili, leo alimfunika mdogo wake bila kutumwa na mtu."

Mtazame mtoto huyo wa pili wakati huo. Amesifiwa mpaka Kilwa.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inakulazimisha wewe mzazi utafute. Ukijua jioni unatakiwa kutega angalau kimoja, mchana macho yako yatakuwa yanatafuta jema. Baada ya muda watoto wenyewe wataanza kutega, na utasikia mambo ambayo hukuyaona: nani alimgawia nani maandazi njiani, nani alimngoja mwenzake lango la shule. Zungusha mtegwaji, kila mtoto apate zamu yake ndani ya wiki. Yule mtukutu kuliko wote ndiye umtafutie mapema zaidi, hata kama kilichopatikana ni kidogo.

Katazo ni moja: hakuna kitendawili cha kumchoma mtu. Watajaribu. "Kitendawili! Nyama ilikuwa sita, zimebaki nne." Mkate hapo hapo kwa kicheko, mwambie hicho kitegwe jikoni kwa mama, siyo hapa.

Hatua ya tano: kazi za mikono miwili pamoja

Mtoto hakai akakueleza ya moyoni kwa sababu umemketisha mbele yako na kumuuliza "una tatizo gani?" Anakueleza mkiwa bega kwa bega, mikono inafanya kitu kingine na macho hayatazamani. Kupepeta mbaazi. Kukuna nazi. Kuokota korosho asubuhi chini ya mkorosho, kila mmoja na ndoo yake, kunyonga bibo (lile tunda lenye maji), korosho ndani ya ndoo, bibo pembeni. Mnaweza kwenda robo saa bila neno, kisha ghafla: "Mama, kuna mvulana darasani ananichukulia daftari." Wewe endelea kuokota. Ukisimama na kushika kiuno, umemziba mdomo.

Kazi isizidi umri wala isimtoe shuleni, hata msimu uwe umechanganya vipi. Na kubangua waachieni wakubwa: maganda ya korosho yana mafuta makali yanayobabua ngozi, na moshi wake ukizichoma hauvumiliki machoni. Watoto wapewe kutenganisha zilizokwisha banguliwa, nzima huku, vipande kule. Wataiba mbili tatu. Ni sehemu ya malipo.

Halafu kazi isitumike kuwa adhabu. Ukimwambia mtoto "kwa kuwa umetukana, kafagie uwanja," umemfundisha kwamba ufagio ni aibu, na kesho utashangaa kwa nini hataki kufagia.

Hatua ya sita: akikosea

Atakosea. Sahani niliyoiacha kule juu imevunjika.

Punguza sauti kwanza. Ukipandisha, mtoto anasikiliza ukali wa sauti, maneno yanampita. Msogelee, uchuchumae uwe kimo chake, useme kilichotokea kwa maneno machache, kisha umpe njia ya kukitengeneza. Aliyevunja sahani kwa mchezo wa mpira ndani ya nyumba anaokota pamoja nawe vipande vikubwa kwa uangalifu, na mpira unalala juu ya kabati mpaka kesho. Aliyeangua embe za jirani anakwenda kwa jirani huyo akiwa ameshikwa mkono na mzazi, anaamkia, anasema alichofanya, anaomba radhi. Mwende pamoja. Ukimtuma peke yake ataishia kwenye kona na kurudi na uongo.

Likiisha, liishe. Asikumbushwe mbele ya wageni.

Kuhusu fimbo najua nitapingwa, tumekua nayo wote. Lakini tazama inachofundisha. Mtoto anayechapwa kwa kuvunja sahani anajifunza kuzika vipande nyuma ya choo. Baada ya miaka kadhaa kitu atakachokizika kitakuwa kikubwa kuliko sahani, na wewe utakuwa mtu wa mwisho kukijua. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo imekataza mtoto kupewa adhabu ya kikatili au ya kumdhalilisha, na kumchapa mtoto hadharani huku amevuliwa nguo, jambo ambalo bado linaonekana mitaani, halina jina jingine.

Kuna makosa ambayo si makosa. Mtoto aliyekuwa mchangamfu ameanza ghafla kukojoa kitandani, anaogopa kwenda kwa mtu fulani, amenyamaza, hataki shule. Hapo usitafute komwe wala kitendawili. Kaa naye faraghani, umuulize polepole, umwamini anachosema. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Hatua ya saba: babu, bibi na mjomba wawe upande mmoja nanyi

Utani wa babu na mjukuu ni mali tuliyonayo. Babu anamwita mjukuu wake wa kike "mke wangu," bibi anamwita wa kiume "mume wangu," na chini ya utani huo linasemwa jambo ambalo mzazi akilisema litaleta nongwa. "Mume wangu huyu hanawi miguu, mimi sitalala naye jirani, naomba talaka." Mtoto anacheka, anakwenda kunawa. Mzazi angelisema hilo hilo, ungekuwa ugomvi wa nusu saa.

Kwa hiyo mpe bibi taarifa: wiki hizi tunafuatilia jambo fulani, tusaidie kwa utani wako. Kama hukumshirikisha, yeye ndiye atakayempa mtoto hela ya ubuyu dakika tano baada ya wewe kukataa, na hutaweza kumlaumu.

Mjomba je? Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ambao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, neno la mjomba lina uzito ambao baba wa mjini wakati mwingine anausahau. Usimwite mjomba siku ya kosa tu, akaja na uso wa hukumu. Mwalike pia siku kopo limejaa.

Wazazi walio mbali, wavuvi, madereva, wenye vibarua Dar es Salaam, watume sauti kwa simu jioni ya vitendawili. Dakika moja inatosha, kitendawili kimoja. Jibu wapewe kesho yake, ili kuwe na sababu ya kupiga tena.

Hatua ya nane: kwa vijana, badilisha kila kitu

Ukimtilia komwe kijana wa miaka kumi na minne mbele ya wenzake, atahama nyumba. Kopo lina mwisho wake, kama miaka kumi na moja hivi.

Wengi wa umri huu, au kabla yake, wameshapita jando au unyago, mara nyingi wakati wa likizo. Wamerudi wameambiwa ni wakubwa. Kisha nyumbani wanakuta wanatumwa na kugombezwa vilevile kama walivyoondoka, na hapo ndipo jeuri inapoanza. Wazazi nao hujituliza kwamba kungwi ameshasema yote, wao hawana la kuongeza. Kungwi ana yake. Lakini kungwi hayupo usiku wa Jumanne binti yako anapopata ujumbe wa simu usiomwelewesha.

Kijana mpe ukubwa unaoonekana. Mwombe ushauri wa kweli kwa jambo la kweli: tuuze mbaazi zote sasa au tubakize gunia? Mpe bajeti ya mboga ya wiki aipange, na akikosea Alhamisi mle alichobakiza, bila hotuba. Chumbani kwake bisha hodi. Makubaliano ya simu na saa ya kurudi yaandikwe pamoja, na yawe na kipengele kinachowabana wazazi, kwa mfano kwamba akichelewa ataulizwa kwanza kabla ya kufokewa.

Na msimu ukifika, nenda naye chama cha msingi kupima. Yeye ndiye asome mizani, yeye ndiye ahakikishe kilo zilizoandikwa kwenye stakabadhi zinalingana na alizoziona, yeye ndiye aitunze karatasi hiyo mfukoni mpaka nyumbani. Mkiwa njiani kwenda, msimuulize chochote kuhusu shule wala marafiki, zungumzeni korosho tu. Mkirudi, gunia limeshatua na mikono haina kitu, ndipo mzazi aanze na swali moja, kisha anyamaze mpaka lijibiwe.